Ninanunua gita langu la kwanza la umeme: Pacifica 112V, Telecaster ya Classic Vibe au Les Paul ya Epiphone?

Mpiga Ridhim, Tanga

Salaam kwenu nyote mnaopiga gita, na kwa wakubwa zangu, shikamooni.

Kwa miaka mingi nimepiga gita la bendi usiku na gita la kanisa siku ya Jumapili, na yote mawili si mali yangu. Sasa nimejaliwa kukamilisha akiba ya kununua gita la umeme la kwangu mwenyewe, na kwa kuwa fedha ya namna hii haipatikani mara mbili kwa urahisi, ninaomba mnisaidie kupima mambo kabla sijaagiza.

Kazi yangu kubwa ni ridhim, yaani gita la kusindikiza. Bendi yetu hupiga rumba na nyimbo za zamani za dansi katika kumbi za hapa mjini, na mpiga solo asipofika, mimi ndiye ninayeshika nafasi yake wimbo unapoingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya mwisho. Kanisani mambo ni tofauti: kwaya hutaka gita litulie chini ya sauti za waimbaji, ilhali vijana wa kusifu na kuabudu hupenda sauti nzito yenye kukwaruza. Nahitaji gita moja litakalofaa kote kuwili, kwa sababu sina uwezo wa kununua mawili.

Nimechuja nikabaki na matatu. La kwanza ni Yamaha Pacifica 112V, ambalo lina pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) mbili za koili moja na pikapu moja ya koili mbili karibu na daraja, yaani kile kipande kinachoshika nyuzi mwilini mwa gita. La pili ni Squier Classic Vibe '50s Telecaster, lenye pikapu mbili za koili moja. La tatu ni Epiphone Les Paul Standard 50s, ambalo pikapu zake zote mbili ni za koili mbili. Kwa bei nilizoziona, Epiphone linakaribia kuwa mara mbili ya Pacifica, na Squier liko katikati. Nikichukua Epiphone akiba yote itakwisha; nikichukua Pacifica nitabakiwa na fedha ya amplifaya ndogo, ambayo pia sina.

Yapo mambo yanayonitatiza. Gita la bendi ninalotumia sasa ni la koili moja, na katika baadhi ya kumbi huvuma kiasi kwamba kati ya wimbo na wimbo inanilazimu nishushe sauti yake hadi sifuri ndipo ukimya upatikane. Sijui kama mvumo huo ni wa gita au ni wa umeme wa ukumbi, na kama ni wa gita, naogopa kununua jingine lenye ugonjwa uleule. Kisha kuna hewa ya bahari, ambayo hapa Tanga hula nyuzi kabla hazijazeeka. Vilevile shemeji yangu aliyeko Marekani amekubali kuninunulia na kuniletea akija likizo, lakini umeme wa kule ni volti 120 na wetu ni 230, na sielewi kama jambo hilo linahusu gita lenyewe au la. Na la mwisho ni shingo: Les Paul ina nyuzi fupi zaidi, milimita 628 kutoka mwanzo wa shingo hadi daraja, na hayo mengine mawili yana milimita 648. Je, mkono wa mpiga ridhim huihisi tofauti hiyo?

Nitashukuru kwa kila jibu.

Mzee wa Dansi, Morogoro

Marahaba, mwanangu, na hongera sana. Nimefurahi kuliko unavyoweza kudhani, na nitakueleza sababu kabla sijafika kwenye swali.

Sisi tuliopiga katika bendi za mashirika hatukuwa na gita la kuliita letu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi Jazz ilikuwa ya polisi, Kimulimuli ilikuwa ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Na vyombo vyote vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama bendi, alihama na vidole vyake tu, na huko alikokwenda alikuta gita jingine lenye shingo nyingine na nyuzi za unene mwingine, akaanza kulizoea upya. Mtu akiwa na gita lake, analijua lilipo tamu na lilipo zito, na mkono wake haurudi nyuma kila anapobadilisha kazi. Kwa hiyo usiharakishe, lakini pia usiogope.

Sasa nije kwenye uchaguzi. Umesema kazi yako kubwa ni ridhim, na kwangu hilo ndilo linaloamua. Katika rumba yetu magita huzungumza kwa wakati mmoja: solo liko juu, second solo liko katikati, ridhim liko chini yake, na besi linashika ardhi. Wakongo waliweka hata gita la mi-solo kati ya solo na ridhim, na wapigaji wengine wakautoa uzi wa nne na kuweka mahali pake uzi mwembamba unaolia oktavu moja juu, ili sauti yake isigongane na ya jirani yake. Hapa kwetu Morogoro, Mbaraka Mwinshehe alipokuwa akipiga solo na Morogoro Jazz, na baadaye na Super Volcano aliyoianzisha mwaka 1973, kila gita lilisikika kwa sababu kila moja lilikuwa na mahali pake. Ridhim ikiwa nene mno humfunika mpiga besi upande mmoja na mwimbaji upande wa pili, na ukumbi mzima huwa ni mngurumo.

Ndiyo maana mimi ningechukua Telecaster. Sauti yake ni nyembamba kwa maana nzuri: inakata, kila uzi unasikika peke yake hata ukipiga kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa haraka, na ukiweka swichi katikati ili pikapu zote mbili zifanye kazi pamoja, unapata mlio laini unaokaa vizuri chini ya uimbaji. Muundo wake haujabadilika sana tangu Fender walipoutoa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na sababu ni kwamba hauna mengi ya kuharibika: pikapu mbili, swichi moja, kitufe cha sauti na kitufe cha toni. Daraja lake halichezi. Uzi ukikatika katikati ya wimbo, zile tano zilizobaki zinaendelea kuwa sawasawa, nawe unamaliza wimbo bila watu kujua kilichotokea.

Kuhusu Les Paul, ni gita la heshima na sina neno baya juu yake, ila kwa ridhim ya rumba utakuwa ukipunguza besi kwenye amplifaya usiku kucha.

Fundi wa Magita, Mombasa

Ndugu yangu wa Tanga, shikamoo kwanza kwa mzee wetu wa Morogoro, ambaye amesema kweli tupu kuhusu nafasi ya ridhim. Mimi nitatofautiana naye kwenye uchaguzi, na tofauti yenyewe inatokana na hizo kumbi zenu.

Nianze na mvumo. Umesema ukishusha sauti ya gita hadi sifuri ukimya unapatikana. Hapo umekwisha kujijibu: mvumo unaingia kupitia pikapu. Ungekuwa unatoka kwenye kebo, kwenye amplifaya au kwenye njia ya umeme, ungeendelea hata sauti ya gita ikiwa sifuri. Thibitisha namna hii: simama mahali pako pa kawaida, acha sauti juu, kisha zunguka taratibu na gita kifuani. Utasikia mvumo ukipanda na kushuka kadiri unavyogeuka, na kuna upande ambao karibu utapotea. Koili ya pikapu ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara juu ya sumaku, na waya wa namna hiyo hunasa kila kinachotoka kwenye transfoma, kwenye taa za mirija na kwenye nyaya za ukutani, ambako umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde. Jaribio la pili: weka kiganja juu ya nyuzi. Mvumo ukipungua unapozishika, gita limeungwa vizuri na waya wake wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini) haujakatika. Usipobadilika kabisa, mwombe fundi akague waya unaokwenda kwenye daraja.

Dawa ya mvumo huo ilipatikana zamani. Mwaka 1955 mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni pikapu yenye koili mbili zilizofungwa kwa kupingana, huku sumaku zake nazo zikielekea pande zinazopingana. Sauti ya nyuzi hujumlika katika koili zote mbili, lakini mvumo unaoingia kutoka nje unafutana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo Epiphone litanyamaza pale ambapo Telecaster litavuma, na hilo si suala la gita ghali au rahisi. Telecaster ya bei kubwa yenye koili moja halisi nayo huvuma.

Pacifica 112V iko katikati, na ndiyo sababu ninaipendekeza. Ukiwa kwenye ukumbi wenye umeme mbaya, unahamia pikapu ya daraja yenye koili mbili na mvumo unakwisha. Ukiwa kwenye ukumbi mzuri, unatumia pikapu za koili moja kwa ridhim na kupata ule mlio wa kukata ambao mzee ameusifu, ingawa haufanani kabisa na wa Telecaster. Kitufe cha toni ukikivuta juu kinazima koili moja ya pikapu ya daraja, ikabaki kama ya koili moja. Fahamu tu kwamba ukikivuta, mvumo nao unarudi, kwa kuwa ile koili iliyokuwa ikiufuta imeondoka. Usiichanganye na Pacifica 012, iliyo rahisi zaidi na isiyo na kitufe hicho; kwa mbali yanafanana sana. 112V ina mwili wa mti wa alda, shingo ya mepo na pikapu zenye sumaku za alniko, na kwa bei yake sijaona gita lililoungwa kwa uangalifu zaidi. Ninayafungua mengi mezani kwangu na ndani huwa nakuta kazi safi.

Kuna jambo la umeme ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha, kwa sababu linahusu uhai wako. Nyuzi za gita zimeunganishwa na ethi ya amplifaya. Kama amplifaya yako imechomekwa kwenye ekstensheni isiyo na ethi, au kwa adapta ya miguu miwili, na maikrofoni iko kwenye mashine nyingine iliyochomekwa kwingine, basi siku unayoshika nyuzi huku midomo ikigusa maikrofoni, umeme unaweza kupita mwilini mwako. Wengi mmekwisha kuisikia ile cheche ndogo kwenye midomo mkaichukulia kuwa ni kawaida ya kumbi. Si kawaida. Chomeka amplifaya na mashine ya sauti kwenye njia moja yenye plagi ya miguu mitatu na ethi inayofanya kazi, na kabla ya kuimba gusa maikrofoni kwa nyuzi za gita badala ya midomo. Ukiona cheche, usipige mpaka fundi umeme arekebishe. Wala usimruhusu mtu yeyote akate ule mguu wa ethi ili kuondoa mvumo.

Sasa kuhusu Marekani. Gita lenyewe halina shida yoyote ya volti, kwa maana magita yote matatu uliyoyataja hayachomekwi ukutani. Uzi unatikisika juu ya sumaku na koili inatengeneza umeme wake mdogo sana. Shemeji yako alete gita bila wasiwasi, abaki na risiti yake, nawe ujiandae kwa ushuru wa forodha pamoja na VAT, ambayo kwenu Tanzania ni asilimia 18. Amplifaya ndiyo asikuletee. Iliyotengenezwa kwa volti 120 ukiichomeka kwenye 230 inaungua papo hapo, na ukitaka kuitumia itakubidi kubeba transfoma ya kushusha umeme kila unakokwenda. Nunua hapa, au umtumie mtu anayetoka Dubai au Muscat, ambako umeme na plagi ni kama zetu.

Hewa ya bahari inashindwa kwa kitambaa. Futa nyuzi juu na chini kila ukimaliza kupiga, hasa chini, ambako jasho hukaa na kutu huanzia. Nyuzi zenye utando mwembamba wa plastiki ni ghali zaidi lakini huku pwani zinadumu kiasi cha kurudisha gharama yake. Vile viskrubu vidogo vya daraja vipakwe mafuta mepesi kwa ncha ya kijiti, kwa sababu vikishika kutu hutaweza tena kurekebisha urefu wa uzi wala kimo chake. Ubao wa vidole wa Pacifica ni wa rozwudi, mti wa ukoo mmoja na mpingo wetu wa Kilwa, nao hauhitaji zaidi ya kufutwa na kupakwa mafuta kidogo mara chache kwa mwaka. Ule wa Squier ni wa mepo iliyopakwa vanishi, ambao haunyonyi jasho kabisa. Wengine wanaupenda, wengine wanasema unanata mkono ukiloa.

Na gita likifika, usilikimbize kwa fundi siku hiyohiyo. Likitoka kwenye nyumba iliyopashwa moto wakati wa baridi likaja Tanga, mbao zitanyonya unyevu na shingo itajipinda kidogo. Liache litulie chumbani siku kadhaa, likiwa limekazwa nyuzi zake kwa sauti ya kawaida, ndipo lirekebishwe. Kwanza shingo: bana uzi wa sita kwenye freti (vile vyuma vilivyovuka shingo) ya kwanza na ya mwisho, uangalie nafasi iliyopo juu ya freti ya saba au ya nane. Robo ya milimita inatosha. Kisha kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12, kati ya milimita moja na nusu na mbili kwa mpiga ridhim mwenye mkono mzito. Mwisho sauti: piga uzi kwa kuugusa tu juu ya freti ya 12, kisha uubane hapohapo. Sauti ya kubana ikiwa juu zaidi, rudisha kipande cha daraja nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Mtu anayelalamika kwamba gita jipya halikubali kodi za juu mara nyingi hajafanyiwa hili la mwisho.

Dada wa Gita, Nairobi

Hamjambo nyote. Fundi ameshughulikia umeme kikamilifu, kwa hiyo mimi nitajibu lile swali la shingo, ambalo bado halijaguswa, kwa kuwa nina mikono midogo na nimepiga aina zote tatu.

Tofauti ya milimita 20 huihisi, lakini si kwa namna watu wanavyoieleza. Kwenye Les Paul freti zimekaribiana zaidi, na nyuzi za unene uleule huwa laini kidogo kwa sababu hazikazwi sana ili kufikia sauti ileile. Kidole cha nne kinafika bila kunyooshwa. Hata hivyo, kwa ridhim ule ukakamavu kidogo wa milimita 648 unasaidia: ukipiga kwa nguvu uzi haupepesuki, na mkono wa kulia unakuwa na kitu cha kuegemea. Wapiga benga wengi huku kwetu hufunga kapo, kile kibano cha shingoni, na kapo ikishafungwa kwenye freti ya tatu au ya nne, nafasi za vidole zinakuwa finyu hata kwenye gita refu, kiasi kwamba ukianza na fupi unajikuta umebanwa.

Kilichonitofautishia magita haya zaidi ni freti za juu. Umesema hushika solo kwenye chemko, maana yake utakuwa unapiga kuanzia freti ya 12 kwenda juu, nyuzi tatu nyembamba, kwa muda mrefu. Les Paul imekatwa upande mmoja tu na mahali shingo inapoungana na mwili pana unene unaozuia kiganja. Telecaster ya miaka ya 50 nayo imekatwa upande mmoja na ina freti 21. Pacifica imekatwa pande zote mbili, ina freti 22, na mkono unafika mwisho bila kubadilisha mkao wa dole gumba. Kwa mtu anayepanda juu mara mojamoja bila mazoezi ya kila siku ya solo, urahisi huo una thamani kubwa.

Uzito nao usiudharau. Les Paul nyingi hufika kilo nne au kupita kidogo, na ibada yenye nyimbo mfululizo pamoja na mkesha wa dansi ni saa nyingi za kusimama. Nunua mkanda mpana, gita lolote utakalochukua.

Na ninakusihi usimalize akiba kwenye gita peke yake. Umesema huna amplifaya. Gita zuri kwenye mashine ya sauti ya kanisa, iliyopangwa kwa ajili ya maikrofoni, litatoa sauti kavu na kali ambayo itakuvunja moyo, na utadhani umechagua vibaya. Kwa muziki wetu unahitaji amplifaya yenye sauti safi isiyopasuka mapema unapoongeza; wapigaji wengi walipenda Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, kwa sababu hiyohiyo. Hiyo ni kubwa na ghali, lakini zipo ndogo zenye tabia hiyo, na zile za kidijitali zina sauti ya kukwaruza pia kwa ajili ya vijana wenu wa kusifu.

Mpiga Solo, Bujumbura

Naomba niitetee Les Paul kwa maneno machache, ili isiondoke bila wakili. Mimi ni mpiga solo, na ile pikapu ya shingo ya Epiphone, toni ikiwa imepunguzwa nusu, inatoa sauti nene na ya mviringo ambayo inadumu mpaka uiamuru inyamaze. Nyimbo za taratibu za kuabudu zinakuwa tamu mno. Kama ungekuwa mpiga solo wa kanisani tu, ningekuambia uimalize akiba bila kusita. Kwa kuwa ridhim ya rumba ndiyo mkate wako, nakubaliana na waliotangulia.

Tahadhari moja tu: mtu akikuletea Les Paul yenye jina la Gibson kwa bei ya Epiphone, usiinunue kabla mjuzi hajaiona. Za bandia ni nyingi. Kifuniko kidogo kilicho kwenye kichwa cha Gibson halisi, kati ya vigingi, hushikwa na skrubu mbili. Za bandia nyingi zina tatu. Alama hiyo peke yake haitoshi kuthibitisha gita, ila inatosha kukufanya urudishe pochi mfukoni.

Mpiga Ridhim, Tanga

Nawashukuru sana. Nilifanya jaribio la kuzunguka nikiwa na gita kifuani, na ikawa kama Fundi alivyosema: nikiipa ubavu ile kabati ya mashine ya sauti, mvumo ulipungua karibu wote. Tuligundua pia kwamba ekstensheni ya upande wangu haina ethi, na tumekwisha kuitoa jukwaani.

Mzee wangu, ushauri wako juu ya mahali pa ridhim nimeupokea, na tayari nimeanza kupunguza besi kwenye gita la bendi ili mpiga besi wetu apate nafasi. Hata hivyo nimeelekea Pacifica 112V, kwa sababu tatu zilizotajwa hapa: pikapu ya daraja kwa ajili ya kumbi zenye mvumo, freti za juu kwa ajili ya chemko, na fedha itakayobaki kwa ajili ya amplifaya, ambayo nitamwagiza mtu wa Muscat. Shemeji yangu ameniahidi ataliangalia dukani mwenyewe.

Limebaki jambo moja. Pacifica ina daraja la tremolo, lenye mkono wa kutikisia sauti, nami sina haja nao katika muziki ninaopiga. Mzee amesema daraja lisilocheza linamwokoa mtu uzi ukikatika. Je, daraja la Pacifica linaweza kutulizwa likawa kama la Telecaster bila kuharibu gita, ili kama nitataka siku za usoni lirudishwe lilivyokuwa?

Fundi wa Magita, Mombasa

Linaweza, na ni kazi ya bisibisi tu. Daraja la namna hiyo linashikiliwa na mvutano wa pande mbili: nyuzi zinalivuta kwenda mbele, na springi zilizo mgongoni mwa gita zinalivuta kurudi nyuma. Uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda, daraja linarudi nyuma, na nyuzi zilizobaki zote zinapanda sauti kwa pamoja. Hicho ndicho mzee anachokizungumzia.

Fungua kile kifuniko cha plastiki cha mgongoni. Utaona springi zimefungwa kwenye kipande cha chuma kilichoshikwa na skrubu mbili ndefu. Legeza nyuzi kwanza, kisha kaza skrubu hizo kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, mpaka daraja lilale kabisa juu ya mwili wa gita. Ongeza springi ikiwa zilizopo hazitoshi. Zipo nafasi tano. Kaza nyuzi zifike sauti yake, uvute uzi wa kwanza kwa nguvu kama mpiga solo anavyofanya, uangalie kama daraja linanyanyuka. Likinyanyuka, legeza nyuzi tena na ukaze skrubu zaidi kidogo. Likitulia, pima upya kimo cha nyuzi na ile sauti ya freti ya 12, kwa sababu daraja likishuka vyote viwili hubadilika. Ule mkono uchomoe, uufunge kwenye karatasi na uuweke pamoja na risiti. Siku ukitaka kulirudisha, legeza skrubu hizohizo na uondoe springi uliyoongeza; hakuna kilichokatwa wala kutobolewa.

Mwambie shemeji yako anunue pia seti mbili za nyuzi za unene wa 10 hadi 46 (kwa elfu za inchi). Gita hilo huja na za 9 hadi 42, ambazo ni laini kwa mkono wa ridhim, na zile nene kidogo zinalikalisha vizuri zaidi. Ukibadilisha unene, springi nazo zitahitaji kukazwa tena, kwa hiyo weka nyuzi mpya kwanza ndipo ulitulize daraja, ili usiifanye kazi hiyo mara mbili.